Mbwa Mkavu

Katika Mji wa Kale, mbwa mkavu ni mpita njia kama wapita njia wengine. Mbwa aliyelowa ni kesi. Sikulijua jambo hili mpaka nilipovuka miaka hamsini, ingawa nilizaliwa na kukulia mtaa huu huu ulio nyuma ya Ndia Kuu, na ingawa nilisoma chuo kikuu mpaka vitabu vikanichoka. Sikulijua kwa sababu sikuwahi kufuga mbwa, wala kwetu hakuna aliyewahi. Paka tunao, paka wa mtaa wetu hulala juu ya magari ya watu na hawaamkii mtu. Lakini mbwa alikuwa kitu cha ng'ambo ya daraja, cha Nyali, cha nyuma ya mageti.

Huyu wangu alikuwa wa binti yangu. Alipopata nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo, aliniletea kwa tuktuk siku ya Ijumaa, saa ambayo mtaa mzima ulikuwa umevaa kanzu nyeupe. Alisema ni miaka miwili tu, baba, na mbwa mwenyewe hana maneno. Mbwa alishuka, akaitazama nyumba kutoka chini hadi juu kama dalali, kisha akakaa juu ya mguu wangu. Rangi yake ya kahawia, sikio moja limesimama na jingine limekata tamaa, kabila lake halijulikani. Ana jina la kizungu ambalo mama yangu alikataa kulitamka tangu siku ile. Yeye humwita "mgeni wako".

Nyumba ni ya mama. Yeye anakaa chini, mimi juu, kama nilivyokuwa nikikaa kabla ya kwenda kuoa na kabla ya kurudi. Sheria zake hazikuwa nyingi. Mgeni akae darini. Apite ngazini yeye mama akiwa chumbani. Asikanyage mkeka wowote. Ni lazima niseme, kwa kuwa watu hudhani vingine, kwamba mama hamchukii mbwa. Anachokichunga ni udhu wake. Anaswali kila swala kwa wakati wake tangu akiwa msichana, na hajaona sababu ya kuvunja mwendo huo kwa ajili ya kiumbe aliyekuja kwa tuktuk.

Aliyenifundisha habari ya ukavu ni jirani yetu wa mkabala, mwalimu wa madrasa aliyestaafu, ambaye mtaa wote humwita Ustadhi. Alinisimamisha siku ya pili, yeye kwenye baraza lake, mimi na mbwa katikati ya njia, na bila kuulizwa akanieleza. Kikavu kikikutana na kikavu hakuna neno. Taabu ni majimaji: mate yake, pua yake, manyoya yakilowa. Hayo yakigusa nguo au mwili, ni kuosha mara saba, na moja katika hizo iwe kwa udongo. Alipomaliza aliniuliza mbwa anakula nini, na kama ni kweli hutambua mwizi kwa harufu. Nikamwambia huyu hutambua sambusa. Akasogea nyuma kidogo, lakini alicheka.

Kwa hiyo nilianza kuusoma mji upya, kwa macho ya mtu anayetafuta njia kavu. Sikuwahi kujua Mji wa Kale una maji mengi hivi. Viyoyozi vinadondosha kutoka ghorofani. Wenye maduka wanaosha vizingiti asubuhi na kusukuma maji kwa fagio mpaka katikati ya njia. Mikokoteni ya maji inapita na mitungi isiyofungwa vizuri. Madirishani kuna mabibi wanaomwaga maji ya mchele bila kutazama chini, kwa imani kwamba anayepita anajua wakati wa mchele. Mimi na mbwa tulipita katikati ya mambo haya kwa mwendo wa wezi: yeye upande wa ukuta, mimi upande wa mabaraza, kamba fupi, jicho juu, jicho chini. Mbele ya mbwa, kwa bahati mbaya, ni pua na ulimi, na hivyo havikauki hata kiangazi. Basi kila tulipokutana na kanzu nilijigeuza ukuta wa pili.

Mvua ya kwanza ilipotukuta Ndia Kuu, nilifungua mwavuli nikamfunika mbwa. Mimi nilibaki nje ya mwavuli. Wauza vinyago walitoka milangoni kutazama mtu mzima, mwenye miwani na shahada tatu, akilowa chepechepe huku mbwa akitembea kavu kama sultani. Mmoja wao aliniuliza kwa upole sana:

"Dakta, na huyo akuajiri kwa mwezi au kwa siku?"

Nikauinua mwavuli, usimguse mbwa kichwani, tukaendelea.

Matembezi mazuri tuliyapata kwa kuyatafuta. Baada ya swala ya alfajiri watu wakisharudi majumbani, kabla vizingiti havijaoshwa, kuna muda mfupi ambapo Ndia Kuu ni kavu na tupu. Tulishuka nayo mpaka Ngome ya Yesu. Hapo tatizo lilikuwa jingine. Mtu mwenye mbwa kwenye kamba, kwa macho ya watembeza wageni wa pale ngomeni, hawezi kuwa mwenyeji. Vijana wale wananijua. Baadhi yao nilisoma na baba zao. Lakini waliona kamba kabla ya kuona uso, wakaniita "Jambo!", salamu ambayo mwenyeji hapewi, na mmoja akaanza kunieleza habari za Wareno. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Alizieleza vizuri. Aliponitambua aliona haya, akasema ni huyo mbwa ndiye aliyemchanganya, kisha akampa habari za Wareno mtalii wa kweli. Kutoka ngomeni tulikuwa tukifuata ufuo wa juu hadi bustani ya Mama Ngina, ambako upepo unakausha kila kitu, mbwa na mawazo, na hapo nilimfungulia kamba. Nilikuwa nikirudi nyumbani nimefurahi kuliko mtu wa umri wangu anavyopaswa kufurahi kabla ya chai.

Binamu yangu ndiye aliyeniharibia utulivu. Ana yadi ya malori Shimanzi, kati ya maghala na makontena, na amekuwa akitafuta mbwa wa ulinzi. Alipomwona wetu alimpapasa mgongo, akamtazama meno, akasema huyu anaharibika kwa mwavuli. Kwake angepata kazi, mnyororo mrefu na mifupa. Alimwambia mama hivyo kwa heshima zote, mbele yangu, akijua kwamba neno la nyumba ile ni la mama. Mama alisema atafikiri. Mimi nimewaona mbwa wa yadi za Shimanzi. Mnyororo ni mrefu kweli, lakini una mwisho, na mwisho wake ni moshi wa malori mchana kutwa.

Kisha ikaja safari ya Voi. Mama ana dada yake kule, mdogo wake, ambaye mguu haumpi tena ruhusa ya kuteremka pwani, kwa hiyo mama humpandia yeye. Treni haitaki, kwa sababu dadake hawezi kuletewa mkono mtupu, na samaki wakavu, nazi, achari na mikate ya mofa havitaki kupekuliwa stesheni. Tunakwenda kwa gari langu. Mwaka huu swali lilikuwa mbwa. Mtaani kwetu hakuna ambaye angeweza kumlisha, si kwa ubaya. Binamu aliposikia akasema tumwachie yeye kwa siku hizo chache. Sote tulijua siku hizo zingekuwa chache kama siku za mgeni aliyekuja na kitanda chake.

Mama alikata shauri akiwa anachambua mchicha. "Tumchukue," akasema. "Lakini sikiza. Mimi kwa safari zangu zote sijakosa swala kwa ajili ya mtu. Nikikosa kwa ajili ya huyo, tukirudi ashukie Shimanzi. Shimanzi iko njiani."

Na kweli iko njiani. Ukitoka bara, ukiingia kisiwani kwa Makupa, kona ya Shimanzi ndiyo inayokupokea. Sijapata kuona jiografia ikikaa upande mmoja hivyo.

Nikajiandaa kama mtu anayekwenda kutetea tasnifu. Buti ya gari nilitandika turubai, juu yake taulo, na kati ya buti na kiti cha nyuma nikafunga wavu. Nilimpigia simu kila niliyemjua aliyewahi kusafiri njia ile, nikiuliza ni wapi mtu anaweza kusimama na mbwa, mahali pakavu, pasipo na matope wala mbuzi wa watu. Wengi walidhani nauliza kwa niaba ya mzungu. Mmoja aliniuliza kama ni mbwa wa polisi, nikasema ndiyo, na hapo ndipo nilipopata maelezo mazuri kuliko yote. Jioni ya kabla ya safari, nikiwa nakunja turubai ngazini, nilimsikia mama jikoni akichekecha kitu kwa chekecheke lake la zamani, taratibu, kwa muda mrefu. Nikadhani ni unga. Nikawaza, maskini mama, anampikia dadake mkate mwingine, na mimi mawazo yangu yote yako kwa mbwa.

Tuliondoka asubuhi. Mama alikaa kiti cha nyuma, ambacho ndicho kiti chake tangu baba alipokuwa akiendesha, na kapu lake miguuni. Nyuma ya kichwa chake, ng'ambo ya wavu, sikio moja lilikuwa limesimama. Mpaka tunapita Changamwe mama alikuwa akivuta tasbihi. Mbwa alikuwa akimsikiliza.

Mariakani tulisimama nikashuka peke yangu kukagua, nikarudi. Malori yalikuwa yamepondaponda ardhi ikawa uji. Maji ya Chumvi palikuwa pazuri mpaka yalipotokea mbuzi, na nyuma ya mbuzi mwenyewe, na fimbo yake. Hakusema lolote, lakini fimbo ilisema. Mbele kidogo ya Samburu kulikuwa na kituo cha mafuta, sakafu ya saruji, kavu, kivuli. Nikamshukuru Mungu mapema mno, maana mlinzi alikuja akaniambia mbwa hawaruhusiwi, na alipokuwa akiniambia mbwa wake mwenyewe watatu walikuwa wamelala nyuma ya pampu. Nilimwonyesha. Akasema hao si wateja.

Hatimaye, tulipoikaribia Taru, nilikipata nilichokuwa nikikitafuta. Uwanja mtupu mwekundu kando ya barabara, miti michache ya miiba, hakuna mbuzi, hakuna mtu, na ardhi kavu mpaka inapasuka. Niliegesha gari kwa fahari. Nilimwambia mama kwamba pahali kama hapa hakuna maji hata ukiyatafuta kwa dawa. Taru ni nyika iliyowatisha babu zetu kwa kiu. Wafanyabiashara wa zamani waliivuka wakihesabu vibuyu. Nilimfungua mbwa tukaenda mbali kidogo, naye akakimbia kama hajapata kukimbia, akizunguka vichaka, akirudi kunitazama kama bado nipo, akiondoka tena. Nikasema moyoni, safari ya mwakani tutasimama hapa hapa.

Sikuangalia juu. Kisiwani ninaangalia juu kila hatua, kwa ajili ya viyoyozi na mabibi wa mchele, na pale, penye mbingu nzima, nilitazama chini tu kutafuta matope. Mvua ilitufikia kwa ubavu, bila salamu. Tulikimbia. Mwavuli ulikuwa garini, karibu na mama, na mama alipoona tunakuja alifanya jambo ambalo mama yeyote angelifanya: alifungua mlango wake akaunyoosha mwavuli nje ili mwanawe asilowe. Mbwa, ambaye kwa miezi kadhaa alikuwa amefunzwa kwamba mwavuli ni wake, alikwenda moja kwa moja kwa mwenye mwavuli. Alipita chini ya mkono wake, akapanda kiti cha nyuma, akasimama kando ya kapu, na akajikung'uta. Alianzia kichwani akamalizia mkiani. Hakubakisha.

Nilisimama mlangoni. Buibui la mama lilikuwa limetapakaa matone tangu kifuani hadi magotini, na mikono yake, na upande mmoja wa shavu. Mbwa alitutazama mmoja baada ya mwingine, mwenye furaha. Nilitafuta neno. Kwa watu wanaoishi kwa kuandika, mimi ni mmoja wao, neno lisipopatikana huwa ni aibu ya kazi. Nikasema, "Mama."

"Ingia," akasema. "Endesha."

Nilimrudisha mbwa buti, nikaendesha. Saa ya adhuhuri ilikuwa imekwisha kuingia. Nilijaribu kusaidia, nikasema kwamba msafiri ana ruhusa, angeweza kuichelewesha akaichanganya na alasiri tukishafika Voi, akabadilisha nguo kwa dadake, akaoga. Mama aliniambia kwamba ruhusa anaijua, na kwamba aliniambia niendeshe. Katika kioo nilimwona ameinua mikono yake yote miwili mbele yake, haigusi kitu, kama mtu aliyetoka kupakwa hina. Nikaanza kutunga maneno ya kumwambia binti yangu.

Mackinnon Road kuna msikiti kando ya barabara ambapo wasafiri wa njia ile, karibu wote, husimama. Mama hajawahi kuupita. Nilisimama nje, mbali na mlango, mvua ikiwa imebaki manyunyu. Akanitaka nichukue kapu, nitoe mikate, nitoe samaki, nitoe achari. Chini kabisa kulikuwa na buibui jingine limekunjwa kwenye mfuko wa nailoni, na chini ya buibui kulikuwa na kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko kimefungwa kwa utepe.

"Fungua."

Nilifungua. Ndani mlikuwa na udongo. Mweusi, laini, umechekechwa mpaka umekuwa kama poda ya mtoto. Niliujua ule udongo. Darini kwetu kuna chungu cha mrehani ambacho mama hakubali mtu akiguse, hata kukihamisha jua likizidi, na ni udongo wa chungu kile. Ndio uliokuwa ukichekechwa jioni ile jikoni.

Kitu pekee nilichokuwa nacho kichwani ni kwamba buibui la pili linaweza kuchukuliwa na yeyote anayesafiri. Udongo hauchukui ila aliyekwisha kukubali kwamba ataguswa.

"Mimina maji," akasema. "Taratibu, usiyamalize."

Nilimimina kutoka kwenye dumu la gari, pale ukingoni mwa barabara, yeye akiosha mikono na uso. Mara ya kwanza alichanganya udongo na maji kiganjani, akajipaka mpaka kwenye viwiko, kwa uangalifu ule ule anaopakia mafuta mikate yake, kisha nikaendelea kumimina, naye akihesabu kimya kwa midomo. Alipofika saba alikung'uta vidole. Alinitazama mimi niliyemshika mbwa aliyelowa kwa mikono miwili kumrudisha kwenye buti.

"Na wewe je?" akasema. "Au chuo kikuu kina udongo wake?"

Nikaosha. Yeye akanimiminia. Akabadilisha buibui nyuma ya mlango wa gari ulio wazi, lile lililochafuka akalitia kwenye mfuko wa nailoni, akachukua udhu kwenye mabomba ya msikiti, akaingia upande wa wanawake.

Nilibaki na mbwa. Manyunyu yalikatika. Tulitembea kando ya reli ya zamani, njia ndefu iliyonyooka, ardhi ya kokoto isiyoshika maji, upepo wa nyika ukimkausha kuanzia mgongoni. Lilikuwa ndilo tembezi zuri kuliko yote ya safari ile, na halikuwa kwenye maelezo ya mtu yeyote niliyempigia simu. Dereva mmoja wa lori aliyekuwa amesimama kama sisi alinipa mkono, kisha akamwangalia mbwa na kuniuliza kama anauma. Nikamwambia hapana, analowesha.

Mama alikaa ndani muda mrefu kuliko kawaida yake. Nilitazama jua, nikahesabu wakati, nikawaza kwamba labda kulikuwa na kasoro, labda ameona tone mahali, labda anaanza upya. Alipotoka nilimkimbilia kabla hajafika garini, nikamuuliza kama ameiwahi.

"Nimeiwahi," akasema, "na sunna zake."

Kisha akamwangalia mgeni wangu kwa kitambo, kwa umbali ule ule aliouchagua Ustadhi siku ile barazani. Mbwa akatikisa mkia, mkavu. Mama akasema achari yote inanuka mbwa na dadake atataka kujua kwa nini. Ndipo akaingia garini.

Voi tulikaa vizuri. Mama mdogo alicheka mpaka mguu ukamuuma aliposikia habari ya mwavuli, na akataka isimuliwe tena jioni, na kesho yake. Mbwa alipata ua mpana wa udongo mwekundu, akawa mwekundu naye. Neno la Shimanzi halikutajwa. Mama halitaji, mimi siulizi. Hivyo ndivyo tunavyoishi. Lakini nilijua kwamba swala moja tu ndiyo niliyoisikia kwa kinywa chake kwamba ameiwahi, na kwamba aliyeweka masharti ndiye peke yake anayejua kama yametimia.

Siku ya kurudi kulikuwa na jua kali njia nzima. Tulisimama tena Mackinnon Road, tukatembea tena kando ya reli. Taru tulipita bila kuitazama. Changamwe, kisha Makupa, maji pande zote mbili, kisha kisiwa. Penye kona ya Shimanzi malori yalikuwa yamepanga foleni kuingia maghalani, makontena juu ya makontena, na moshi. Nyuma tasbihi ilikuwa imesimama. Nilitoa mguu kwenye mafuta. Ningeweza kusema ni kwa sababu ya foleni.

"Wapunguza mwendo wa nini?" mama akauliza.

"Malori, mama."

"Yamekuzuia?"

Hayakunizuia. Upande wetu ulikuwa mtupu mpaka mbele.

"Basi pita, mwanangu," akasema. "Kopo limekwisha udongo, na ule mrehani siku zote hizi haujatiwa maji."